Maswali ya Wasomaji: Kambi ya familia, pwani na milimani

Likizo za skuli zinakaribia, na barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: wapi pa kupiga hema pamoja na watoto, pwani kwetu Zanzibar au milimani bara, ili anayetaka kuvua avue na anayetaka kulala alale. Wengi walioandika wametueleza uzuri wa mahali walipopapenda. Sisi tumewajibu zaidi kuhusu usiku wa mahali hapo, maana kambi ya familia huharibikia usiku.

*Assalaam alaykum. Mimi na mume wangu tuna watoto watano, mkubwa ana miaka 12 na mdogo miwili. Likizo ya Juni tunataka kulala siku mbili ufukweni hapa Pemba, yeye avue mshipi na sisi tupumzike. Tuangalie nini kabla ya kuteremsha mizigo?*
— Mama wa watano, Chake Chake

Waalaykum salaam, dada yetu. Kabla ya kuangalia ufukwe, angalia mwezi. Siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na vivyo hivyo baada ya mwezi mpevu, maji ni ya bamvua, yaani hujaa sana na kutoka sana kuliko siku nyengine. Wakati huo tofauti ya maji kujaa na kutoka katika visiwa vyetu hufika mita nne hivi, na yanajaa kabisa karibu na saa kumi alfajiri, kisha tena saa kumi jioni. Hayo ya alfajiri ndiyo yanayowatoa watu mbio. Hema limepigwa mchana, jioni maji yamekuja yakaishia hatua chache mbele ya mlango, watu wakasema "mwisho wake hapa" wakalala. Lakini bamvua hukua siku hadi siku mpaka ifike kilele chake, na maji ya kesho hupita alama ya leo. Bamvua kubwa kuliko zote ni za Machi na Septemba.

Kwa hiyo usipime kwa mchanga uliolowa jana. Tafuta mstari wa juu kabisa wa takataka kavu: mwani uliokauka ukawa mweusi, vifuu, vijiti vya mikoko. Ukishaupata, panda tena hatua kumi au zaidi, na hema liwe juu ya mstari huo kwa kimo cha mita moja ukiweza. Pakiwa hapana nafasi hiyo kwa sababu nyuma pana jabali au mikoko, mahali hapo hapafai hata pakiwa pazuri vipi.

Kwa mama mwenye mtoto wa miaka miwili tungechagua siku za maji mafu, zile za katikati ya bamvua moja na nyengine. Maji hujaa karibu saa nne au saa tano, asubuhi na usiku, hayapandi sana wala hayakimbii mbali. Bwana anaweza kunung'unika, kwa kuwa samaki wengi hula zaidi maji yakienda kwa nguvu, lakini mtoto hachukuliwi na mkondo huku nyinyi mnapika.

Juni ni kusi. Pwani ya mashariki ya Pemba upepo haukatiki na mawimbi hupiga moja kwa moja, basi nendeni magharibi. Tatizo la magharibi ni mikoko mingi, na palipo na mikoko pana mbu na usubi. Kaeni mbali nayo mita mia mbili au zaidi, kwenye mchanga mkavu unaopata upepo kidogo. Usubi hushindwa kuruka upepo ukivuma. Chandarua cha kawaida huzuia mbu, lakini usubi hupenya. Jaribu wavu wa hema lako kwa pini: kichwa cha pini kikipita, usubi atapita.

Kivuli cha mvinje ni kizuri, ila angalia matawi makavu juu kabla ya kulala chini yake. Chini ya mnazi hapana kabisa, hata kama nazi zimeanguliwa, kwa sababu kuti nalo huanguka, tena bila kutoa taarifa.

Maji ya kunywa na kupikia hesabu lita nne kwa mtu kwa siku. Nyinyi saba kwa siku mbili mnahitaji lita 56, yaani madumu matatu ya lita 20. Ya kuogea, kuoshea vyombo na kutilia udhu yasitoke kwenye madumu hayo. Tafuteni kisima karibu, hata maji yakiwa na chumvichumvi. Choo nacho kiwe ndani ya mwendo wa dakika tano. Kwa watoto watano hilo halina mjadala, kwa sababu usiku wataamka mmoja baada ya mwengine. Ukiomba choo cha msikiti au cha nyumba iliyo karibu, omba mchana, uione njia yake, na uache kitu cha shukrani. Mkilazimika kuchimba, shimo liwe kwenye udongo nyuma ya ufukwe, kina cha sentimita 20, hatua 70 au zaidi kutoka kisimani na kutoka maji ya bahari, na likingwe kwa jamvi ili kina mama wapate stara.

Hema la "watu wanne" huchukua watu wanne waliolala bega kwa bega bila hata mkoba mmoja. Chukueni mawili. Watoto waliofika miaka kumi wanatenganishwa kulala hata hivyo. Wakati wa kusi mlango uelekee kaskazini: upepo utapiga mgongo wa hema, na hapo hapo mbele ya mlango patakuwa pa kutandika msala, kwa kuwa kutoka visiwani kwetu kibla ni kaskazini karibu kabisa.

La mwisho, pwani ina wenyewe. Nendeni kwa sheha wa shehia hiyo siku moja kabla, mkamwambie ni wangapi na mtalala masiku mangapi. Kisha mtafuteni bwana diko, msimamizi wa diko, mahali wavuvi wanaposhushia samaki. Yeye anajua wapi nyavu zinatupwa alfajiri, wapi panafungwa kwa muda ili pweza wakue, na wapi wageni wa dago, wavuvi wanaopiga kambi mbali na kwao, wameshatangulia. Mvuvi asiyeuliza anaweza kutupa mshipi ndani ya eneo lililofungwa na kijiji kizima, na hakuna atakayeamini kuwa hakujua.

*Tulipiga hema pwani ya mashariki ya Unguja. Vigingi viling'oka vyote usiku, hema likaruka na mtoto akiwa ndani. Tunafanyaje?*
— Msomaji, Makunduchi

Vigingi vya chuma vinavyokuja na hema ni vya udongo. Kwenye mchanga mkavu havina cha kushika, hata ukivigonga mpaka mwisho. Tumia viroba. Chukua kiroba cha kilo tano kwa kila kamba, kijaze mchanga robo tatu, funga mdomo, kisha funga kamba ya hema katikati ya tumbo la kiroba kama unavyofunga mzigo. Chimba shimo la sentimita 40, kilaze kiroba kwa ubavu, kikae msalaba na kamba. Toka kwenye shimo kuelekea hemani chimba mfereji mwembamba wa kamba, ili kamba itoke imelala na isivute kwenda juu. Fukia, mwagia maji ndoo moja, kanyaga, mwagia tena. Mchanga uliolowa hushikana; mkavu hutiririka.

Huna viroba? Kipande cha gongo cha urefu wa mkono, kikifungwa katikati na kufukiwa kwa kina kilekile, hufanya kazi hiyo. Kamba za upande unaotoka upepo ziwe za kwanza kufungwa na ziwe mbili kila pembe. Usiku kabla ya kulala zipitie kwa mkono, maana kamba za nailoni hulegea zikipata unyevu.

Na turubai la chini lisichomoze nje ya hema. Likichomoza hata kidogo, mvua inayoteremka ukutani huingia juu yake na kuja kulala nanyi.

*Watoto wangu wana miaka 3, 7 na 12 na hawajaona mlima. Mmoja ananishauri Amani, mwengine Lushoto, mwengine Udzungwa. Niende wapi, na lini?*
— Baba, Mwanakwerekwe

Ndugu yetu, yule wa miaka mitatu ndiye atakayeamua. Udzungwa ni Hifadhi ya Taifa tangu 1992 na ni ya kutembea kwa miguu. Hakuna kuzunguka kwa gari ndani ya msitu. Maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa mita 170 hivi, yanafikiwa kwa njia ya kupanda iliyo kali. Wa miaka 12 ataifurahia, wa saba ataichoka, na wa mitatu utambeba mgongoni kwenda na kurudi. Iweke kwa miaka ijayo.

Amani, katika Usambara Mashariki, ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu 1997 na iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Unafika kwa kupitia Tanga na Muheza. Pana sehemu mbili za kulala: Zigi, chini karibu na mto, na Amani yenyewe, juu kwenye mita 900 hivi. Watu wengi huvutiwa na Zigi kwa ajili ya mto. Kwa familia tunashauri juu: pana ubaridi wa kupendeza, mbu ni wachache zaidi, na mtoto haamki asubuhi akakimbilia mtoni kabla yako. Njia za kutembea ni fupi na vinyonga ni wengi, jambo ambalo watoto hawalisahau. Kasoro yake ni barabara ya udongo kutoka Muheza, ambayo mvua ikinyesha huteleza vibaya, na hospitali kubwa iko mbali.

Lushoto ni mita 1,400 hivi, na kutoka Mombo unapanda kilomita 33 za lami. Mji una hospitali, soko la mboga na mbatata, na nyumba za wageni kadhaa huruhusu hema bustanini, pamoja na choo na maji ya bomba. Msitu wa Magamba uko juu yake kwa matembezi ya mchana. Kwa mara ya kwanza na mtoto wa miaka mitatu, sisi tungekwenda Lushoto.

Machi hadi Mei epuka, ni masika. Januari na Februari ni bora ukipata nafasi. Kuanzia Juni hadi Agosti pakavu zaidi, lakini baridi ni ya kweli. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi sita hivi. Usiku wa Julai Tanga ikiwa na nyuzi 21, Lushoto tarajia 12 au 13, na huko Magamba chini ya hapo. Mtoto wa Mwanakwerekwe hajawahi kulala kwenye baridi hiyo.

Kosa la watu wa pwani ni kubeba mablanketi mengi ya kujifunika na kulala juu ya mkeka mtupu. Baridi inayokuamsha saa nane usiku hutoka chini. Tandika turubai, juu yake magodoro ya sponji ya sentimita tano au zaidi, halafu blanketi moja chini na mawili juu. Nguo za kulalia ziwe zile zisizovaliwa mchana, kwa sababu jasho lililokauka nusu hupoza mwili. Soksi na kofia kwa wote.

Asubuhi utakuta matone ndani ya hema na utadhani linavuja. Ni pumzi zenu, zimegonga kitambaa cha baridi zikageuka maji. Acha madirisha ya juu wazi kiasi cha kiganja, hata kama watoto wanalalamika baridi. Ukifunga kila kitu mablanketi yatalowa na usiku wa pili utakuwa mbaya kuliko wa kwanza.

Usipige hema kwenye mkondo mkavu wala kwenye nyasi bapa pembeni ya mto. Mvua inaweza kunyesha juu mlimani nyinyi mkiwa na jua, na maji yakafika ghafla. Ukiona nyasi zimelala upande mmoja, au takataka zimenasa kwenye vichaka juu ya usawa wa mto, ujue mto hufika hapo. Kagua pia kama siafu wanapita, na chakula kisilale hemani: nyani na kima wanajua kufungua zipu kwa meno. Maharagwe roweka tangu jana yake. Kila mita 300 za kupanda, maji huchemka kwa joto pungufu nyuzi moja, kwa hiyo huko juu chungu kinachemka na maharagwe bado magumu.

*Nikipiga kambi Saadani, naruhusiwa kutupa mshipi?*
— Kijana, Mkokotoni

Hapana, si kwa kujiamulia. Saadani ni Hifadhi ya Taifa tangu 2005, na ndani ya hifadhi za taifa uvuvi hauruhusiwi isipokuwa pale palipopangwa kwa kibali, kama uvuvi wa burudani huko Rubondo katika Ziwa Victoria. Mto Wami una mamba na viboko, kwa hiyo hata kuosha sufuria ukingoni usithubutu. Ukitaka kambi na mshipi pamoja, bahari yetu inatosha.

Ukienda hifadhi yoyote ya taifa bara, jua kwamba kiingilio huhesabiwa kwa saa 24, hivyo kuingia saa nane mchana na kutoka kabla ya saa nane siku ya pili ni malipo ya siku moja. Beba kitambulisho cha Taifa upate bei ya raia, na beba namna ya kulipa kwa simu au kadi, kwani fedha taslimu getini hazipokelewi. Ukiulizwa unataka kambi ya umma au kambi maalumu, familia ichague ya umma. Jina "maalumu" limewadanganya wengi: ni mahali pa peke yako porini, pasipo choo wala maji.

*Tunaweza kulala Misali na watoto?*
— Wazazi, Wesha

Nendeni mchana mkarudi. Kisiwa hakina maji ya kunywa, kwa hiyo kila tone mtalibeba, na mtoto akiugua usiku mtategemea boti na hali ya bahari. Misali imo ndani ya Eneo la Hifadhi la Mkondo wa Pemba, na sehemu yake haivuliwi kabisa. Ruhusa na mipaka ulizeni kwa maofisa wa hifadhi kabla ya kuondoka. Kasa hupanda kutaga kwenye fukwe zake. Taa na moto ufukweni usiku humrudisha kasa baharini kabla hajataga, na vifaranga hupotea njia wakidhani mwanga ule ni bahari.

*Watoto wangu wanataka kuvua wenyewe. Nianze na vifaa gani, na wachunge nini?*
— Mama, Wete

Mshipi wa mkono wa nailoni milimita 0.30 hadi 0.35, mita 30, umezungushwa kwenye chupa ya plastiki. Risasi ndogo ya gramu 20 au 30, ndoana namba 8 au 10. Kabla hujampa mtoto, banza kile kijino cha ndoana kwa koleo. Samaki wachache watachomoka, lakini ndoana ikiingia kidoleni itatoka bila ya kwenda hospitali. Chambo ni vipande vya ngisi vyembamba kama kidole cha mtoto. Wakati mzuri ni kuanzia saa mbili kabla ya maji kujaa.

Wavae viatu vya plastiki, na wakitembea kwenye maji ya mchanga waburute miguu ili samaki taa, yule bapa mwenye mwiba mkiani, aondoke mwenyewe. Samaki tasi asishikwe kwa mkono mtupu, miiba yake ina sumu inayouma vikali. Akichomwa na tasi, taa, au yule samaki anayefanana na jiwe, toa miiba inayoonekana, tumbukiza mguu au mkono kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia mtu mzima, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Mzazi ayapime kwanza kwa mkono wake, kwa sababu mtoto mwenye maumivu hatambui kuwa anaungua. Kisha mpelekeni kituo cha afya.

Samaki bunju, yule anayejivimbisha, asipikwe, sumu yake haiondoki kwa moto. Kasa vilevile, hata mkipewa bure na watu wa kambi ya jirani. Machi 2024 katika Kisiwa Panza watu tisa walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na wanane kati yao walikuwa watoto.

Baharini hakuna kichocho, lakini kwenye madimbwi, mabwawa na vijito vya maji baridi vya Unguja na Pemba kimo. Kambi ikiwa karibu na bwawa, watoto wasioge humo na wasisimame ndani kuvua.

*Lushoto baridi ilikuwa kali, tukafikiria kuingiza seredani (jiko la mkaa) hemani mpaka watoto walale. Kuna ubaya?*
— Msomaji, Kiembesamaki

Msifanye hata kwa dakika kumi. Mkaa unaowaka mwekundu bila moshi hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu wala haikohozeshi. Mtu huhisi kichwa kizito, anadhani ni uchovu, analala, na haamki. Kuacha zipu wazi hakutoshi. Pasheni maji nje, yatieni kwenye chupa ngumu zenye kifuniko imara, mzivishe soksi na kuziweka miguuni kwa watoto.

*Tumerudi kutoka Muheza siku kumi zilizopita, mtoto ana homa. Ni mafua tu?*
— Mama, Mkoani

Mpeleke leo akapimwe malaria, usisubiri kesho. Visiwani kwetu malaria imepungua sana, na kwa sababu hiyo watoto wetu hawana kinga waliyonayo watoto wa maeneo yenye malaria nyingi kama Muheza. Ikiwapata huwapanda haraka. Dalili huanza siku saba au zaidi baada ya kuumwa na mbu, hata wiki kadhaa. Mwambie daktari tangu mlangoni kuwa mtoto alilala bara, wapi na lini. Na kila atakayefuata njia hiyo abebe chandarua chenye dawa hata kama hema lina wavu, maana watoto hukaa nje ya hema kuanzia magharibi mpaka chakula kiive. Kipimo kikitoka hakina malaria na homa ikaendelea, mrudishe akapimwe tena siku ya pili.